Kabla rima (kikatio cha chemba) haijagusa mtutu: mchoro wa waildikati yangu ya milimita 43

Ganda la risasi ninalolichora sasa hivi lina urefu wa milimita 43, linabeba kichwa (ile sehemu inayoruka) cha 6.5, yani kipenyo cha milimita 6.71, na mzazi wake ni ganda la 6.5 Creedmoor, risasi ya kiwandani, ambalo lenyewe lina milimita 48.77. Ukiliangalia haraka haraka utasema hii ni Creedmoor iliyokatwa, na kweli ndo ilivyo, wazo lote ndo hilo, nimefupisha ganda basi, vingine vyote nimeviacha nilivyovikuta, na hapa nataka nieleze kwa nini nimeviacha maana kuamua kuviacha ndo kulikokula muda mwingi kuliko kuchora kwenyewe.

Kwa asiyejua, waildikati ni risasi ambayo hakuna kiwanda kinaitoa na hakuna chombo cha viwango kilichoisajili. CIP ya Ulaya ilianza 1914, SAAMI ya Marekani 1926, na kazi yao kubwa ni kuandika kwamba risasi ya jina fulani vipimo vyake ni hivi, chemba yake, ile nafasi ya mtutu risasi inamokaa, ni hivi, presha yake mwisho hapa, ili bunduki iliyotoka kiwanda hiki ipige risasi iliyotoka kiwanda kile bila mtu kuumia. Waildikati haina hiyo karatasi. Karatasi unaichora wewe, na ukikosea hakuna wa pili aliyeikagua, ndo maana mi kalamu naiheshimu kuliko mashine yoyote iliyopo karakanani.

Na haya mambo sio ya pembeni kama wengi wanavyodhani. Risasi nyingi za kawaida leo zilianzia kwenye benchi la mtu. Chukua .30-06 ya jeshi la Marekani, ya 1906, ganda lake limezaa ukoo mzima: mafundi wakabana shingo, ile sehemu ya mbele inayoshika kichwa, likapokea kichwa cha .25 (robo inchi hivi), ikazunguka mikononi mwa wawindaji tangu miaka ya 1920 mpaka Remington wakaichukua 1969 ikawa .25-06 Remington, wengine wakatanua shingo wakapata .35 Whelen mwaka 1922, nayo ikaja kuingia kiwandani miaka ya 1980 huko. .257 Roberts ni ganda la Mauser la 7x57 lililobanwa, jina la Ned Roberts, Remington wakaitoa 1934. 7mm-08 ni .308 iliyobanwa shingo, ikasajiliwa 1980. Ila ninayoipenda kuliko zote ni .22-250, iliishi miaka na miaka ikiwa waildikati, ikapendwa kiasi kwamba 1963 Browning wakauza bunduki yenye chemba yake wakati hakuna kiwanda kilichokuwa kinatoa risasi zake, yani unanunua bunduki mpya dukani huku unajua kabisa risasi utajitengenezea mwenyewe. Remington ndo wakaja kuihalalisha 1965.

Sasa ziangalie hizo zote kwa pamoja. Kilichobadilishwa ni shingo, na pengine bega kidogo, yani pale mwili unapopungua kuelekea shingoni. Kitako hakikuguswa, mfereji wa kikucha kinachovuta ganda haukuguswa, mwili karibu wote umebaki. Waliozibuni walichukua kitu kinachofanya kazi wakabadilisha sehemu moja, na mimi naamini hapo ndo zilipopata uhai mrefu, kwa sababu ukibadilisha sehemu moja unajua matatizo yatatokea wapi, ukibadilisha tatu kwa mpigo risasi ikianza kusumbua huna pa kuanzia kutafuta.

Namba 43 nimeipataje? Hapa ndo penye utamu wake kwangu. Vichwa vya 6.5 vya kulenga shabaha, vile vizito vya grein 140, ambayo ni kama gramu 9, ni virefu sana, kuna vinavyofika milimita 35. Na magazini ya bunduki ya bolti fupi (bolti ni kile chuma kinachofunga chemba kwa nyuma) inameza risasi nzima yenye urefu wa kama milimita 71, sio zaidi. Kwa hiyo nikaanza kuhesabu nikitokea mbele kurudi nyuma: 71 toa 35 inabaki 36. Maana yake kama nataka kitako cha kichwa kiishie pale pale shingo inapokutana na bega, kisizame ndani ya mwili wa ganda, basi hayo makutano yawe kwenye milimita 36 kutoka kitakoni au chini yake kidogo. Mimi nimeyaweka 35.8. Ongeza shingo ya milimita 7.2, ambayo ni shingo ile ile ya Creedmoor, unapata 43. Hiyo ndo hesabu yote, hakuna uchawi.

Kwenye Creedmoor yenyewe makutano ya shingo na bega yako kama 41.5, kwa hiyo kichwa hicho hicho kikikaa kwenye magazini hiyo hiyo lazima kizame ndani kupita shingo kwa zaidi ya milimita 5. Watu wanapiga hivyo kila siku na wanashinda mashindano, sisemi ni kasoro, Creedmoor tangu itoke 2007 imeonyesha uwezo wake. Ila kichwa kilichozama kinakula nafasi ya baruti, na pale chini ya shingo ndo panapotokea pete, hiyo nitaieleza, na mimi nilitaka ganda ambalo kichwa kinaishi shingoni tu.

Bei yake ni nafasi ya ndani. Ukipunguza milimita 5.77 za mwili wenye upana wa ndani wa kama milimita 10.7 umetoa karibu nusu sentimita ya ujazo, na Creedmoor inashika kama sentimita za ujazo 3.4, kwa hiyo langu litabaki na kama 2.9. Hii kitu unaipima kwa maji, ni njia rahisi na ya kuaminika kuliko zote: chukua ganda lililokwisha kupigwa, acha praima iliyotumika (kile kiwashio cha baruti cha kitakoni) mahali pake izibe tundu, pima uzito likiwa kavu, jaza maji mpaka mdomoni yalingane kabisa bila kuvimba wala kubonyea, pima tena, tofauti kwa gramu ndo sentimita za ujazo. Spidi itapungua, hilo nalijua na nimelikubali, mimi shabaha zangu ni karatasi na chuma kati ya mita 300 na 600, sihitaji kichwa kiende kama radi.

Na kuna swali ambalo najua mtu ataliuliza, mbona 6.5x47 Lapua ipo, ilitoka 2005, ina karatasi zote, kiwanda kinauza maganda na risasi, kwa nini usinunue hiyo. Swali zuri na jibu langu kwa mtu yeyote anayetaka tu kupiga shabaha vizuri ni hilo hilo, nunua hiyo. Karibu kila ganda unaloweza kuliwaza kuna mtu alishalichora. Mi nafanya hivi kwa sababu nataka kujua kila mstari wa chemba yangu umetoka wapi, na hiyo elimu haiji kwa kununua.

Turudi kwenye vitu nilivyoviacha. Cha kwanza ni kitako. Kuna kishawishi kikubwa cha kuchukua ganda nene zaidi ukalikata fupi, lionekane pipa, na mantiki ipo: Lou Palmisano na Ferris Pindell mwaka 1975 walichukua ganda la .220 Russian wakatengeneza 6 PPC, fupi na nene, na ikatawala mashindano ya kupiga juu ya benchi kwa miaka mingi. Lakini angalia hesabu ya nguvu inayosukuma bolti. Creedmoor presha yake ya mwisho kwa SAAMI ni 62,000 psi, kama megapaskali 427. Kitako chake ni milimita 12 hivi kwa kipenyo, eneo lake ni kama milimita za mraba 112, zidisha unapata karibu kilonyutoni 48, uzito wa kama tani 4.9 zinazosukuma uso wa bolti kurudi kwako. Chukua ganda la magnamu lenye milimita 13, presha ile ile, unafika karibu tani 5.8. Milimita moja tu imekuongezea karibu tani nzima! Ni kweli hiyo ni hesabu ya juu, maana presha inafanya kazi kwenye upana wa ndani ambao ni mdogo zaidi, na ganda likivimba linashika kuta za chemba likabeba sehemu ya mzigo, ila uwiano unabaki ule ule na bolti yako ilibuniwa kwa mzigo fulani. PPC yenyewe kitako chake ni chembamba kuliko cha Creedmoor, watu wakisema nene wanamaanisha nene ukilinganisha na urefu wake.

P. O. Ackley, fundi wa Marekani ambaye jina lake halikosekani kwenye haya mazungumzo, aliwahi kuchukua Winchester 94 yenye chemba ya .30-30 aliyoinyoosha mwili, akaondoa kile kipande kinachofunga bolti, akaipiga, ili aonyeshe ganda lenye mwili ulionyooka linavyojishika kwenye chemba kavu. Watu wanalitaja hilo jaribio kama ruhusa. Sio ruhusa, ni jaribio la mtu aliyejua anatafuta nini, na chemba yenye mafuta au unyevu inafuta mshiko wote huo, mzigo wote unarudi kwenye bolti.

Na Ackley ndo mfano wangu wa pande zote mbili. Upande mmoja maganda yake aliyoyaboresha, mwili umenyooshwa na bega limesimamishwa nyuzi 40, yamebuniwa kwa akili sana kwa sababu chemba inakubali risasi ya kawaida ya mzazi, unaipiga, ganda linatoka limeshachukua umbo jipya, yani ukikosa risasi zako unanunua za kiwandani na mambo yanaendelea. Hapo hata kama amebadilisha bega na mwili, bado amemwachia mpigaji njia ya kurudi. Upande wa pili ni ile .22 aliyomtengenezea Bob Hutton wa jarida la Guns & Ammo, ganda kubwa la .378 Weatherby likabanwa mpaka likapokea kichwa kidogo cha .22, lengo likiwa futi 5,000 kwa sekunde, kama mita 1,524. Ikafika kama 4,600, mita 1,400 hivi, ikaishia hapo. Baruti zote hizo zinapita kwenye tundu dogo, gesi ya moto inalamba koo la mtutu, pale mifereji ya ndani inapoanzia, na kuongeza baruti juu yake karibu hakuongezi kitu. Najua ilikuwa ni jaribio la kutafuta mwisho uko wapi, na kwa hilo naiheshimu, ila kila nikiona mtu anaanza kubuni kwa kuuliza itaenda spidi gani nakumbuka hilo ganda.

Bega nimeacha nyuzi 30 za Creedmoor. .30-06 ina 17 na nusu, .308 ina 20, .22-250 ina 28, Ackley 40. Bega lililosimama linasaidia ganda lisirefuke haraka na linakaa imara kwenye chemba, bega lililolala linaingia chemba kiulaini zaidi likitoka kwenye magazini. 30 ni mahali pazuri, sina la kuongeza, na kwa kuliacha fundi hahitaji kutengeneza kila kitu upya.

Sasa shingo. Hapa naomba usome taratibu kama una mpango wa kufupisha ganda lolote, kwa sababu hapa ndo watu wanapopata ajali na mchoro unaonekana mzuri tu.

Ganda la risasi sio bomba lenye ukuta sawa. Kitakoni ukuta ni mnene, unapungua ukielekea mdomoni, shingo ndo nyembamba kuliko pote. Kwenye Creedmoor bega linaanza kama milimita 37.8 kutoka kitakoni. Shingo yangu inaanza 35.8. Kwa hiyo nikilisukuma bega kurudi nyuma na kukata urefu, shingo yangu mpya haitokani na shingo ya zamani, sehemu yake ya chini ilikuwa mwili, katikati ilikuwa bega, juu kabisa ndo kuna kipande kidogo cha shingo ya asili. Maana yake nina shingo yenye ukuta mnene na usio sawa, mnene zaidi chini.

Weka namba uone. Chemba nimeichora shingo ya milimita 7.50. Kichwa 6.71. Ukuta ukiwa 0.33 kila upande, risasi iliyokamilika shingo yake ni 7.37, kuna uwazi wa 0.13, shingo ina pa kutanukia na kukiachia kichwa. Ukuta ukiwa 0.42, ambao kwa jicho huwezi kuutofautisha kabisa, shingo inakuwa 7.55. Hiyo ni kubwa kuliko chemba. Kama bolti ikilazimishwa ikafunga, ukuta wa chemba umeibana shingo, shingo imekibana kichwa, praima ikilipuka kichwa hakiachiwi kwa wakati wake na presha inapanda kwenda mahali ambapo hakuna hesabu ya mtu yeyote inafika. Sehemu ya kumi ya milimita, hata haifiki!

Kwa hiyo kila ganda linatakiwa kukerezwa shingo kwa nje mpaka ukuta ulingane, na unapima kwa maikromita ile yenye kidoto cha duara upande mmoja, sio kalipa ya kawaida, kwa sababu kalipa ina uso bapa na ndani ya shingo ni duara, itakudanganya. Unapima pande nne, unageuza ganda robo, unapima, robo tena. Ukipata 0.33, 0.33, 0.34, 0.33 hilo ni ganda. Ukipata 0.31 upande mmoja na 0.36 upande wa pili hilo ganda lilikuwa na ukuta uliopinda tangu kiwandani, weka pembeni, halitakupa shabaha nzuri hata ulikereze vipi. Na kabla ya kubana unaipasha moto shingo na bega tu ili shaba ilainike, maana hii shaba ya njano, ile asilimia 70 shaba na 30 zinki, kila ukiikunja inakuwa ngumu na mwishowe inapasuka. Kitako hakiguswi na moto kamwe. Ugumu wa kitako ndo unaoshika presha, ukikilainisha umeharibu ganda na hakuna njia ya kulirudisha.

Na ile pete. Ukishakereza nje, unene uliobaki pale chini shingo inapokutana na bega unajikusanya kwa ndani, inatokea kipete kidogo. Ukiingiza kichwa kwa mkono kwenye ganda lililokwisha kupigwa unakisikia kabisa, kichwa kinateleza, kinateleza, kinagota. Kama kichwa chako kinatakiwa kupita hapo unapata mkazo usio sawa kati ya risasi na risasi. Ndo sababu ya zile hesabu za 71 toa 35 kule juu. Kichwa changu kinaishia juu ya pete, na mtu akiniuliza nini hasa nimebuni kwenye hii risasi, nitamjibu ni hicho.

Msokoto wa mifereji ya mtutu, ile inayozungusha kichwa, nisiukawize. Kuna kanuni ya George Greenhill ya 1879, ilikuwa ya makombora ya mizinga lakini bado inakupa picha: 150 mara kipenyo cha kichwa mara kipenyo tena, gawa kwa urefu wa kichwa. Kwangu inatoa kama milimita 193 kwa mzunguko mmoja. Mitutu ya 6.5 inayouzwa mingi ina 203, yani inchi 8, na vichwa virefu vinatulia vizuri humo, kanuni za kisasa zinakubali. Nimechukua 203 kwa sababu ipo tayari. Tena ni kitu kimoja kisichohitaji kubuniwa.

Hedspesi nayo imebaki ya ukoo ule ule, nimeisogeza tu. Kwa ganda lisilo na ukingo kama hili, hedspesi ni umbali kutoka uso wa bolti mpaka mstari fulani wa kipimo juu ya bega, na kwa ukoo huu mstari huo uko pale bega lina kipenyo cha milimita 10.16. Ili ujue uzito wa jambo lenyewe, kwenye .308 geji ya kupita ni milimita 41.40, geji ya kutokupita ni 41.50, na geji ya mwisho kabisa, bolti ikifungika juu yake bunduki inawekwa chini, ni 41.61. Kutoka sawa mpaka hatari ni kama milimita 0.2. Ikizidi, ganda linanyooka kila likipigwa, ukuta juu tu ya kitako unakuwa mwembamba, mpaka siku linakatika vipande viwili ndani ya chemba. Ukitaka kuona linavyoanza, chukua kiwaya kilichokunjwa ncha, kipitishe ndani ya ganda kutoka chini kuja juu, ukisikia kimeingia kwenye kijimfereji kabla hakijafika katikati, maganda ya kundi hilo yote yamekwisha kazi.

Mimi chemba sikati mwenyewe. Mchoro ni wangu, maganda ya mfano bila baruti wala praima ni yangu, ila rima inasagwa na watu wanaosaga rima na chemba inakatwa na fundi bunduki mwenye leseni. Na nakushauri mchoro uende kwa msaga rima pamoja na risasi za mfano tatu nne, maganda yaliyokerezwa shingo, vichwa vimekaa urefu unaoutaka, kwa sababu yeye atapima kitu halisi na ataona kama karatasi yako na mikono yako vinasema kitu kimoja. Agiza rima ya dai (kalibu la chuma la kurudishia ganda umbo) kwa mchoro huo huo kwa wakati huo huo, dai iwe ndogo kidogo kuliko chemba, vinginevyo utakuwa na chemba nzuri na huna kitu cha kurudisha maganda kwenye umbo lake.

Chemba ikishakatwa kuna hatua naipenda sana, kuipiga muhuri. Kuna aloi ya bizmuthi inaitwa Cerrosafe, inayeyuka kati ya nyuzi 70 na 88 za selsiasi, chini ya maji ya kuchemka. Unaziba mtutu kwa kitambaa mbele kidogo ya koo, unamimina, inaganda, unaisukuma itoke, na mkononi una chemba yako iliyogeuzwa ndani nje, inang'aa, unaona bega, unaona shingo, unaona mifereji inavyoanza kuchomoza kooni. Inasinyaa kidogo mwanzoni, ndo maana inatoka kirahisi, halafu inaanza kutanuka, na ikifika saa moja tangu imiminwe inakuwa sawa na chemba yenyewe. Hapo ndo unapima. Ukiiacha siku kadhaa itakuwa imepita kipimo, kwa hiyo pima saa hiyo, andika, weka tarehe.

Kiasi cha baruti sitaandika hapa na naomba mtu asiniombe. Namba ya baruti ya waildikati inahusu chemba moja, ganda la unene mmoja, kichwa kimoja, ukiihamisha kwenye bunduki nyingine inakuwa namba tupu yenye hatari. Programu za kuhesabu presha zipo na nazitumia, ila programu inahesabu, haipimi. Wengi wanaangalia praima imebonyea kiasi gani wanasema presha iko sawa, na praima laini inabonyea mapema, ngumu inachelewa, presha ikiwa imeshapita mwisho zamani. Maabara wanapima kwa kihisi cha piezo ndani ya mtutu wa majaribio. Kwenye nchi za CIP bunduki haitoki mpaka ipigwe risasi ya kuithibitisha yenye presha asilimia 25 juu ya kiwango cha mwisho, kule Uingereza nyumba za kuthibitisha mitutu zimekuwepo tangu 1637 London na 1813 Birmingham, na mtutu wa waildikati nao unapelekwa huko huko. Mahali ambapo hakuna sharti hilo mimi bado ningetafuta mtu wa kunifungia kipima mkazo juu ya chemba kabla sijaweka shavu langu kwenye kitako cha bunduki. Na sheria ya mahali ulipo inakuja kabla ya yote haya, kuna sehemu hata kuwa na ganda tupu kunahitaji kibali, maliza hilo kwanza ndo ununue kalipa.

Kilichobaki kwenye mchoro wangu ni maandishi ya kwenye mtutu. Maganda yangu yote kitakoni yataendelea kusomeka 6.5 Creedmoor, hakuna namna ya kulifuta hilo, na mtu yeyote akiyaokota ataamini anachokisoma. Creedmoor kamili ndani ya chemba yangu haiingii, bega linagonga mapema bolti haifungi, hiyo ni heri. Tatizo liko upande wa pili: ganda langu fupi ndani ya chemba ya Creedmoor linaingia bila kipingamizi, bolti inafunga kabisa, na kuna karibu milimita 6 za utupu mbele ya bega. Kwa hiyo mtutu utachongwa jina kamili, 6.5x43 pamoja na neno waildikati, kwa herufi zinazosomeka bila kuinama, boksi za risasi zitakuwa za rangi ambayo sina nyingine karakanani, na kila ganda litapakwa mstari mwekundu wa wino kuzunguka kitako, unaofutika na kupakwa upya kila likirudi kwenye dai.